Viatu vya Rifat Mlangoni

Nyumba ya Bedriye ilikuwa na vyumba vitatu, na kimoja kilikaliwa na makoti.

Chumba hicho kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha la kutazama uani na bomba la joto lisilokorofisha hata theluji ya mji wa Sivas, Uturuki, ikifika magotini. Ndani mlikuwa na makoti ya Rifat, suti za Rifat, sweta za Rifat, na viatu vya Rifat vilivyojazwa magazeti tumboni visipoteze umbo. Ukifungua mlango, harufu ya vidonge vya kufukuza nondo ilikupiga puani kama kofi. Rifat mwenyewe alikuwa Mersin. Alikwenda kufanya kazi bandarini kwa msimu mmoja, msimu ukawa miaka minne, na habari zilizofika ni kwamba anaishi na mwanamke mwenye saluni na ameota kitambi. Bedriye, mama yake, alizisikia habari hizo, zikaingilia sikio hili zikatokea lile. Kila Ijumaa aliingia chumbani na brashi, akayapangusa makoti mabegani, kisha akafunga kwa ufunguo na kuutumbukiza ufunguo kifuani.

Binti wa Rifat, Elvan, alilala sebuleni kwenye sofa. Alikuwa na miaka kumi na minne na mtihani wa kuchaguliwa shule ya sekondari ulimsubiri kiangazi. Alisomea mapajani, televisheni ya bibi yake ikimfokea usoni, na vitabu vyake vilikaa kwenye kapu la nguo chafu. Hata mabuti yake hayakuwa na pahala. Kwenye rafu ya viatu pale mlangoni, ubao wa juu uliwekewa viatu vyeusi vya Rifat, vile vya harusi, peke yavyo, kama sultani. Mabuti ya mtoto yalifungwa kwenye mfuko na kusukumwa chini ya sinki.

Nurten, mama yake Elvan, alikuwa ameapa kwamba Idi hii mtoto ataamkia chumbani kwake. Aliapa kimoyomoyo, maana nyumba haikuwa yake. Alishona mapazia dukani kwa watu, na mshahara wake ulitosha chakula na umeme lakini haukutosha kodi ya nyumba popote pale mjini. Kwa hiyo yeye na mkwewe waliishi pamoja wakichukiana kwa adabu, asubuhi na jioni, kama watu wanaotimiza faradhi.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, nyumba zote za jengo zilikuwa zimepinduliwa kwa usafi wa Idi. Mazulia yalining'inia madirishani, na wanawake waliofunga saumu walifua mapazia kwa hasira ya njaa. Bedriye alifungua chumba cha nyuma kwa sababu moja tu: dirisha lake lilionekana na majirani, na dirisha chafu siku ya Idi ni aibu. Mpwa wake alikuwa chini na gari, ampeleke makaburini kumwagilia maji kaburi la marehemu mumewe.

"Dirisha tu, Nurten," alisema akijifunga kitambaa kichwani. "Kioo, na ubao wa chini, basi. Ukigusa kitu nitajua."

"Utajuaje, mama? Umevihesabu?"

"Nimevizaa."

"Umemzaa Rifat. Makoti alinunua kwa mshahara wangu."

Bedriye alimkata jicho. "Mwanangu akirudi atakuta kila kitu mahali pake."

"Na mwanangu mimi? Mahali pake ni wapi, chini ya televisheni?"

"Sofa lile nimelilalia mimi mwaka mzima baba mkwe wako akiumwa, sikufa."

"Inasikitisha," alisema Nurten, na mlango ulikuwa umeshafungwa, ingawa si kwa haraka ya kutosha kumzuia mkwewe asisikie.

Alisafisha dirisha. Alilisafisha vizuri, kwa siki na magazeti, mpaka mti wa uani ukaonekana kama umeingia ndani. Kisha akageuka na kukitazama chumba kile kilichojaa mwanamume asiyekuwapo, na roho ikamchemka. Elvan alikuwa kwa mama yake mdogo, akisaidia kukunja baklava, vitamu vya Idi, na asingerudi kabla ya futari. Nurten akakunja mikono.

Alianza na viatu. Vilivyopasuka soli akavitia kwenye mfuko wa taka. Vizima akavipanga dirishani. Akaenda kwenye sweta, akazikung'uta, akatenga zilizoliwa na nondo. Nondo walikuwa wamekula vizuri sana. Vidonge vyote vile na bado walikuwa wamefanya karamu makwapani. Nurten alifurahi kuyaona matundu yale kuliko alivyofurahi siku nyingi. Ndipo akafika kwenye makoti, akapekua mifuko kama mtu yeyote anayetoa nguo, na kwenye koti la kijivu, lile zito la sufi, mkono wake ukakuta peremende.

Zilikuwa peremende za Idi, zile ghali za kufungwa moja moja kwa karatasi ya dhahabu. Nyingine zilikuwa mpya. Nyingine zilikuwa zimeyeyuka na kugandana, na chini kabisa zilikuwepo zilizogeuka vumbi tamu. Kila Idi mama alikuwa anamwekea mwanawe peremende mfukoni, kama alivyomwekea alipokuwa mtoto, na hakuwa amemwambia mtu. Nurten aliketi kitandani akiwa na karatasi ya dhahabu kiganjani, na kwa muda kidogo alimwonea mkwewe huruma. Halafu akakumbuka kwamba Elvan kila Idi hupewa na bibi huyo huyo peremende za kupimwa kwa kilo, zile zinazonata menoni. Huruma ikaisha. Alilitundika koti nyuma ya mlango na kuendelea na kazi.

Nje, Gulizar, mke wa mtunza jengo, alikuwa akipiga deki ngazi. Nurten akamwita.

"Mumeo anavaa kiatu namba gani?"

"Arobaini na tatu, dada Nurten. Mguu kama jahazi."

"Vipo vyeusi, vya ngozi, havijamaliza hata soli. Anavitaka?"

Gulizar alichungulia, akaona ni vile vya ubao wa juu wa rafu, akashusha sauti. "Mama Bedriye anajua?"

"Atajua."

"Basi mimi sikuviona. Viweke hapo mlangoni, nikimaliza ghorofa za juu nitavipitia."

Nurten alivifuta kwa kitambaa mpaka vikang'aa, akavitoa nje, akaviweka kwenye mkeka wa mlangoni. Akaviweka kama alivyofundishwa na mama yake tangu utotoni kuweka viatu vya mgeni: kimoja kando ya kingine, ncha zimeelekea ngazi, ili mwenye kuvivaa aingize mguu tu na kwenda zake. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe. Akarudi ndani kupambana na suti.

Sasa, jengo lile lilikuwa limepiga marufuku viatu ngazini. Bi Makbule wa ghorofa ya tatu, mwenyekiti wa wakaazi, aliwahi kuitupa ndara ya mtu dirishani. Kwa hiyo aliposhuka na kuona viatu mlangoni kwa Bedriye, aliongeza mwendo, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alipofika karibu akasimama. Vilikuwa viatu vya mwanamume, kwenye nyumba isiyo na mwanamume. Vimepigwa rangi. Ncha zimetazama nje. Kila mtu Sivas anajua viatu vya namna hiyo ni vya nani: ni vya maiti, vimetolewa ili maskini avichukue, na apitaye ajue nyumba hii imefiwa.

Akabisha hodi. Nurten alifungua akiwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Gulizar anakuja kuvichukua sasa hivi, Bi Makbule, usinianze."

Bi Makbule akamkumbatia. Alikuwa mwanamke mnene, na Nurten akazama kifuani mwake na neno lililofuata.

"Mwanangu. Lini?"

"Lini nini?"

"Huko huko Mersin?"

"Ndiyo, yuko Mersin," alisema Nurten, akijaribu kupumua.

"Watamleta, au watamzika huko?"

Hapo Nurten akaelewa. Alitazama viatu vile juu ya bega la Bi Makbule, akaona alichokifanya. Ilibaki sentensi moja tu ya kusema: hajafa, ni usafi wa Idi. Alifungua mdomo. Lakini Bi Makbule alikuwa amekwisha kuyaona marundo ya nguo kule nyuma, na alikuwa anajifuta macho na kukunja mikono kwa wakati mmoja.

"Umeshaanza kutoa nguo zake. Umefanya vyema, nguo za marehemu hazilali ndani. Lakini peke yako, mwanangu? Na Bedriye yuko makaburini maskini, hajui? Ngoja niwaite wenzangu. Gari la sadaka la msikiti liko pale kona."

Nurten akafunga mdomo. Miaka minne alikuwa ameomba chumba kile kwa upole, kwa machozi, kwa kelele na kwa kununa, na hakupata hata ndoano moja ya kutundika koti la shule. Sasa kilikuwa kinamwagwa mbele yake na watu waliojaa thawabu. Alijiambia atasema mifuko ikishafika chini. Haya ndiyo aliyojiambia.

Wanawake wa jengo walikuja na mifuko, na walifanya kazi kama siafu. Mmoja aliwasha jiko na kuanza kukaanga unga kwa siagi kwa ajili ya halua ya msiba, ingawa hakuna aliyeruhusiwa kuionja kabla ya magharibi. Mke wa imamu akaketi sebuleni, kwenye sofa la Elvan, akaanza Yasini kwa sauti nzuri ya chini. Suti zilishuka. Sweta zilishuka na nondo wake. Makoti yalishuka yamelazwa mikononi mwa wanawake, na kila aliyepita alimshika Nurten bega na kumwambia Mungu ampe subira. Nurten aliitikia. Uso ulimwaka, na mtu akasema tazama alivyoumia. Gari la sadaka liliondoka. Gulizar peke yake alisimama ngazini na ndoo yake, haelewi tena kama viatu ni vyake au la.

Nurten hakungoja. Alivuta meza ya kushonea akaiweka chini ya dirisha, akatandika shuka safi kitandani, akaenda kuleta kapu la vitabu. Alikuwa anapanga kitabu cha hesabu juu ya cha historia aliposikia kitu kimeanguka nje na kubingirika kwenye ngazi. Lilikuwa dumu la plastiki, lile la kumwagilia kaburi.

Bedriye alikuwa ameketi kwenye ngazi, koti lake na theluji yake mabegani, viatu vyeusi amevipakata. Kutoka ndani ilitoka sauti ya Yasini na harufu ya halua. Hakulia. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo.

"Nani alipiga simu?" aliuliza.

Nurten alimsogelea. Katika mahesabu yake yote hakuwa ameuhesabu uso ule. "Hakuna aliyepiga. Mama, hajafa. Nilimtolea Gulizar viatu, wakadhani. Rifat ni mzima."

Bedriye akasimama, akavikumbatia viatu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamzaba kibao kilichosikika mpaka ghorofa ya tatu. Ndani, Yasini ikakatika.

"Umemuua mwanangu kwa sababu ya kabati."

"Kwa sababu ya kitanda," alisema Nurten akishika shavu. "Mwanao amejiua mwenyewe. Mimi nimetoa nguo tu."

"Nguo zake ziko wapi?"

"Zimekwenda."

Bedriye alimsukuma, akaingia na viatu vya nje hadi chumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akaona kitanda, meza, vitabu. Koti la kijivu tu ndilo lililobaki, limening'inia nyuma ya mlango. Alilinyakua. "Nyumba hii ni yangu," alisema. "Leo hii, wewe na vitabu vyako, mtoke. Mkalale dukani kwenye mapazia."

"Usiku wa Idi? Mtoe mjukuu wako nje usiku wa Idi, watu wakuone."

"Kwani leo hawajaniona?"

Majirani walikuwa wameona, na wamekasirika kuliko wote. Bi Makbule alisimama katikati ya korido, mwiko wa halua mkononi. "Yaani mimi nimebeba suti za mtu mzima ghorofa mbili, na saumu? Nimemlilia mtu anayekula samaki Mersin? Nurten, huna haya. Na wewe Bedriye, chumba kama hiki umekifungia nondo, mtoto analala sebuleni, huna haya vilevile. Nyamazeni wote wawili. Nampigia mwenyewe aseme nguo ni zake au si zake, tumalize."

"Hatapokea," alisema Nurten. "Namba za huku hapokei."

"Yangu haijui. Mkwe wangu yuko Mersin, amenipa namba ya Rifat tangu zamani." Akabonyeza, akaiweka simu kwenye sauti kubwa ili kila mtu awe shahidi. Bedriye alisogea mpaka kitambaa chake kikagusa mkono wa Bi Makbule. Yeye mwanawe humwandikia ujumbe mmoja kila Idi, maneno matatu, na mama akimpigia, simu huita mpaka ikachoka.

Ilipokelewa mara moja.

"Rifat, ni Makbule, jirani ya mama yako, Sivas."

Kwa nyuma ilisikika televisheni, na mwanamke akicheka. "Kuna nini?"

"Watu wamejaa nyumbani kwenu," alisema Bi Makbule, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile hakujua aanzie wapi.

"Mama?"

Bedriye alikuwa ameshainua mkono kuichukua simu, neno "mwanangu" liko kwenye midomo yake. Rifat hakungoja jibu.

"Basi sikiliza, Bi Makbule, nisaidie. Hati ya nyumba mama huificha kwenye kopo la sukari, juu ya kabati la jikoni. Itoe wewe, ukae nayo, kabla Nurten hajaitia mkononi. Mimi nitakuja baada ya Idi, sasa hivi mabasi yamejaa. Mzikeni leo leo, msinisubiri."

Jikoni halua ilianza kushika chini, na hakuna aliyekwenda kuikoroga.

"Rifat," alisema Bedriye.

Televisheni ya Mersin iliendelea kucheka peke yake. Kisha simu ikakatika.

Nurten alikuwa ameisubiri siku ya kumwona mwanamke huyu amevunjika. Alikuwa ameipanga, hata na maneno atakayomwambia. Sasa siku ilikuwa imefika, na alichokitaka ni mtu mwingine aondoe macho yake kwanza ili naye apate kuondoa yake.

Bedriye alisimama akiwa ameshika koti mkono huu na viatu mkono mwingine. Alivibana viatu kwapani, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akazitoa peremende zote, mpya na za kale, akazimwaga kwenye sinia la peremende za wageni lililokuwa karibu na mlango. Mfuko aliugeuza nje akaukung'uta vumbi. Halafu akamgeukia mke wa imamu.

"Mbona umenyamaza? Endelea."

"Yasini ya nani, dada Bedriye?" aliuliza mke wa imamu kwa sauti ndogo.

"Ya mwenye viatu."

Mke wa imamu alisita, akatazama msahafu, akasema Yasini haimdhuru aliye hai, akaanza pale alipokuwa ameachia. Bedriye akaenda mlangoni. Aliinama kwa shida, goti likalia, akaviweka viatu kwenye mkeka, kimoja kando ya kingine, ncha zimeelekea ngazi. Kimoja kilikuwa kimepinda kidogo. Akakinyoosha.

"Wewe Gulizar."

"Abee, mama Bedriye."

"Chukua. Na koti hili. Mumeo akivivaa kwenye theluji avijaze magazeti vikauke, asiviweke karibu na bomba la joto, ngozi itapasuka."

"Nichukue kweli, mama?"

"Futari ikipita. Acha kwanza vikae hapo, watu wapite waone."

Mzinga wa kutangaza magharibi ulilia kutoka ngome ya mji, na adhana ikafuata. Wanawake walikunywa maji kimya kimya. Bi Makbule aliipakua halua, iliyokuwa imeungua kidogo, na hakuna aliyethubutu kuigusa mpaka Bedriye alipovuta sahani, akachota, akasema bismillahi na kumeza. Alifuturu kwa halua ya msiba wa mwanawe aliye hai, akaila mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kisha akamtazama mkwewe, na macho yake hayakuwa na upole hata chembe.

"Usinitazame hivyo. Sijakusamehe. Kibao kile ningekirudia."

"Na mimi viatu ningevitoa tena," alisema Nurten.

"Halua yenyewe imeungua."

"Hakuipika mtu wa nyumba hii."

"Kopo la sukari nitalihamisha, na usinifuate kutazama wapi."

Nyayo zilipanda ngazi kwa kukimbia, zikasimama ghafla nje. Mlango ulikuwa wazi. Elvan alisimama kwenye mkeka na sahani ya baklava iliyofunikwa, mashavu mekundu kwa baridi, theluji imemjaa mabutini, anaitazama ile jozi nyeusi. Akautazama ukumbi uliojaa wanawake. Sahani ikaanza kumwinamia mkononi.

"Bibi," alisema. "Viatu vya baba."

Nurten aliinuka, lakini Bedriye alikuwa ameshafika. "Baba yako mzima, tumeongea naye sasa hivi," alisema. "Nipe sahani hiyo kabla hujaimwaga. Na usiniingizie theluji, nimeshasafisha. Vua."

Elvan akavua. Kwa mazoea akayabeba mabuti kwenda kutafuta mfuko wake wa plastiki chini ya sinki.

"Unakwenda wapi nayo? Weka hapo juu."

"Pale ni pa baba."

"Weka, nimesema."

Mtoto akamtazama mama yake, na Nurten, ambaye shavu lilikuwa bado limemvimba, akaashiria kwa kichwa. Elvan aliyaweka mabuti kwenye ubao wa juu wa rafu, yakidondosha maji, ncha zimetazama mlango. Bedriye alinyoosha mkono akayageuza, ncha zikaelekea ndani.